Vibati 19 na kofia ya chuma: kisa cha Luteni Vernon Baker na nishani iliyochelewa karibu miaka 52

Naanzia pale panapochoma. Aprili 1945, Italia, luteni mmoja mweusi wa jeshi la Marekani anaripoti makao makuu ya regimenti yake, kachoka hadi macho mekundu, na mkononi kashika vibati 19. Vile vibati vya shingoni vyenye jina la askari, ambavyo mtu akifa ndo vinasema huyu alikuwa nani. Kavitoa mwenyewe kwenye shingo za watu wake, mmoja mmoja, huko mlimani. Na kwa jinsi alivyokuja kusimulia baadaye, kanali wake mzungu hakuanza na pole wala hakuuliza ilikuwaje, alianza kumfokea: kofia yako ya chuma iko wapi?

Kofia jamani.

Jamaa anaitwa Vernon Baker. Kisa chake mimi nakiona kizuri kukichambua, na sio kwamba alikuwa shujaa kuliko wengine wote, hapana, ni kwa sababu ukikifuata hatua kwa hatua unaona mtu anavyonyimwa kitu chake bila kuwepo sheria hata moja iliyoandikwa kwamba mweusi asipewe. Hakuna barua ya kukataa. Hakuna mtu aliyesimama akasema hapana. Ni faili tu, inapita kwenye meza ya huyu, inapunguzwa kwa huyu, inakaa kwa huyu, na mwisho wa siku imekuwa kama ilivyokuwa.

Namba zenyewe kwanza. Vita ya pili ya dunia Marekani ilitoa Nishani ya Heshima, ile wenyewe wanaiita Medal of Honor, ambayo juu yake hakuna nyingine, kwa watu zaidi ya 400. Wengi waliandika 433 mpaka miaka ya tisini. Weusi waliovaa magwanda vita ile ni zaidi ya milioni moja. Waliopata nishani hiyo: sifuri. Sio wachache, sifuri. Na usije ukadhani weusi hawakuwahi kuipata kabla, walishaipata, tangu vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, sajenti William Carney aliyeibeba bendera pale Fort Wagner mwaka 1863 (yeye alipewa 1900, nako kulikuwa na kuchelewa kwake), halafu kuna wale askari weusi wapanda farasi wa mpakani huko magharibi mwa Marekani, halafu vita ya Kuba 1898. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, ukaja ukafungwa kwenye vita mbili kubwa za karne ya ishirini, ile ya kwanza sifuri, ya pili sifuri. Halafu Truman anatia saini amri yake ya kuondoa ubaguzi jeshini Julai 1948, inakuja Korea, na weusi wawili wanapata. Sasa mtu mwenye akili zake ajiulize, ujasiri ulikwenda likizo 1917 ukarudi kazini 1950?

Turudi kwa Baker. Kazaliwa Desemba 1919 Cheyenne, Wyoming, mji wa reli. Wazazi wote wawili walikufa kwa ajali ya gari akiwa na miaka minne hivi, akalelewa na babu na bibi, babu mtu wa reli na ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha na kuwinda ili nyumbani kuwe na kitoweo. Hili la kuwinda liweke pembeni kidogo tutalirudia. Alifanya kazi ya kubeba mizigo na kuhudumia abiria kwenye treni, kazi aliichukia kabisa. Mwaka 1941 akaenda kujiandikisha jeshini, mtu wa kwanza aliyemkuta pale mezani akamjibu kwamba hawana nafasi za watu wa aina yake. Akaondoka. Akarudi siku nyingine akamkuta mwingine, huyu akamkubali, Baker akaomba aandikwe kwenye ugavi, mambo ya stoo, yule akaandika jeshi la miguu. Ndo hivyo. Mtu aliyetaka kukaa stoo kaishia kupanda kilima chenye bombomu, yaani bunduki za rashasha.

Januari 1943 anapata uofisa. Anapelekwa Italia na divisheni ya 92, hawa ndo divisheni pekee ya weusi iliyopigana Ulaya kama askari wa miguu, wakiitwa Buffalo Soldiers. Muundo wake uelewe vizuri maana ndani yake ndimo kisa kizima kilipo: askari weusi, maofisa wa chini weusi, maofisa wa juu wazungu, na mkuu wa divisheni Meja Jenerali Edward Almond, mtu ambaye vita ilipoisha alishauri wazi kwamba weusi wasitumike tena kupigana mstari wa mbele, kila kilichoharibika kwenye divisheni yake akakitua kwenye rangi ya askari wake. Sasa huyo ndiye bosi ambaye faili lako la ushujaa lazima lipite kwenye meza yake. Unaelewa?

Tukio lenyewe sasa. Kuna ngome ya zamani inaitwa Aghinolfi, ipo juu ya kilima pale Montignoso karibu na Massa, inaangalia bahari na inaangalia barabara ya pwani. Wajerumani walikuwa wameikalia, sehemu ya mstari wao wa ulinzi kaskazini mwa Italia, na ukiwa pale juu unamuona kila anayepita chini. Wamarekani walishajaribu kupita eneo lile wakashindwa. Tarehe 5 Aprili 1945 alfajiri kombania C ya regimenti ya 370 inapewa kazi tena. Baker anaongoza platuni ya silaha nzito, watu wake kama 25.

Walienda haraka mno. Ndani ya saa kama mbili walishapenya mbali nyuma ya mstari wa adui, ngome iko palee mita mia mbili na kitu. Na kinachofuata ni sehemu ambayo mimi huwa naisoma polepole. Baker anaona vitu viwili kama mabomba vimechomoza kwenye mwanya wa kichuguu cha udongo. Anajua kuwinda huyu, nimesema tuliweke pembeni, basi ndo hapa. Anatambaa mpaka pale, anaingiza mtutu wa bunduki kwenye mwanya, anamaliza magazini. Anachungulia ndani: ni kituo cha kuangalizia, yale mabomba ni darubini, na Wajerumani wawili wamekufa, mmoja kaegemea kiti chake. Anasonga mbele kidogo anakutana na shimo la bombomu limefunikwa matawi vizuri kabisa, waliomo wanakula chai ya asubuhi. Wanakula chai! Anawamaliza. Baadaye akiwa na kapteni wake, Mjerumani anatokea ghafla anarusha bomu la mkono, linadondoka pale miguuni, halilipuki. Baker anampiga akikimbia. Halafu anashuka peke yake kwenye bonde, anakuta mlango wa handaki umefichwa, anaulipua kwa bomu la mkono, anayetoka anampiga, anatupa jingine ndani, anaingia.

Baada ya hapo moto ukawaka. Mota zinaanza kuwashukia mfululizo. Mwangalizi wa mizinga aliyekuwa nao anapiga redio kuomba mizinga yao ijibu, na kule nyuma mwanzoni hawaamini, kwa simulizi ya Baker walikuwa wanabisha kwamba haiwezekani hawa wawe wamefika mbali kiasi hicho. Yaani kosa lao lilikuwa kufanikiwa kuliko walivyotarajiwa.

Kapteni wao, mzungu, John Runyon, akamwambia Baker anakwenda nyuma kuleta msaada. Akaondoka. Msaada haukuja. Watu wa Baker wakawa wanapungua mmoja baada ya mwingine pale pale kilimani wakisubiri, na baadaye Baker akaja kuambiwa kwamba kule nyuma ilisharipotiwa kuwa kombania imekwisha, kwa hiyo nani apeleke msaada kwa maiti. Hiyo ni simulizi yake yeye Baker na ameirudia miaka mingi bila kuibadilisha. Mwenzake hatunaye kuulizwa. Lakini jambo ambalo halina ubishi ni kwamba hakuna aliyetumwa.

Ilipofika wakati haiwezekani tena Baker akaamuru waondoke na majeruhi, yeye akakaa sehemu ya wazi kabisa ili risasi zimfuate yeye wenzake wapite. Njiani wakakuta bombomu mbili walizozipita bila kuziona wakati wa kupanda, akazimaliza na askari wake mmoja. Waliokufa 19. Ndo vile vibati.

Na kesho yake usiku, huyu mtu aliyefokewa kwa kofia, akajitolea tena kuongoza batalioni nzima kupita mashamba ya mabomu ya kutegwa kuelekea palepale. Ngome ikachukuliwa.

Sasa tuje kwenye uchambuzi wenyewe, karatasi ilienda wapi.

Nishani haitokani na ushujaa, watu wengi hili hawalijui. Nishani inatokana na maandishi kuhusu ushujaa. Lazima awepo aliyeona, aandike, apate mashahidi wa kuapa, kamanda wa kombania asaini, iende batalioni, regimenti, divisheni, ipande. Kila meza ina haki ya kupitisha, kupunguza au kuiacha ikauke. Kwa Baker meza ya kwanza tu, ya kombania, ni ya yule yule kapteni aliyeondoka kilimani. Unamtegemeaje aandike kwa ufasaha yaliyotokea baada ya yeye kuondoka? Akiandika ukweli wote wa Baker, anaandika na wa kwake. Mimi hapa silazimishi kwamba alikuwa mtu mbaya, nasema tu mfumo ulimweka mahali ambapo ushujaa wa mdogo wake ni ushahidi dhidi yake mwenyewe, na mashahidi wengine ama weusi kama Baker ama wamekufa.

Na kuna ujanja wa pili, wa kimya zaidi. Nishani ya pili kwa ukubwa, ule msalaba wa utumishi uliotukuka wanaouita DSC, ilikuwa inaweza kuidhinishwa na wakubwa kulekule vitani. Nishani ya Heshima yenyewe lazima faili lisafiri mpaka Washington. Kwa hiyo ukimpa mtu msalaba, umemaliza. Amepewa kitu kikubwa tena, kavishwa, kapigiwa saluti, picha imepigwa, na hakuna mtu yeyote Washington aliyewahi kuombwa aseme ndiyo au hapana. Baker alipewa msalaba. Ukienda kumuuliza mkubwa yeyote wakati ule atakuambia mbona tumemheshimu, na hatakuwa amedanganya. Ndo maana nasema hakuna barua ya kukataa, kitu ambacho hakijaombwa hakikataliwi.

Mtu atauliza pengine alichofanya hakikufikia kiwango tu, basi. Haya tuangalie jirani yake. Siku hiyohiyo, tarehe 5 Aprili 1945, karibu na Seravezza, sio mbali na hapo, kwenye mashambulizi hayohayo, askari wa regimenti ya 442, ile ya Wamarekani wenye asili ya Kijapani iliyokuwa imepachikwa kwenye divisheni hiyohiyo ya 92, anaitwa Sadao Munemori, alimaliza bombomu mbili kwa mabomu ya mkono kisha akalilalia bomu lililodondokea walipo wenzake. Alikufa. Alipewa Nishani ya Heshima 1946. Alistahili kabisa, na wenzake wa 442 nao walibaniwa vilevile, wakaja kupandishiwa nishani zao kwa mkupuo mwaka 2000. Ninachotaka uone ni kwamba hata yeye mwenye macho ya Kijapani, wakati familia za wenzake zimefungwa makambini kwao huko Marekani, faili lake liliweza kufika Washington. La mtu mweusi, popote pale duniani walipopigana, halikufika hata moja.

Vita ikaisha. Baker akabaki jeshini, akastaafu 1968, akafanya kazi na Msalaba Mwekundu hadi Vietnam kafika, mwisho akahamia Idaho, huko St. Maries, msituni, akiwinda kama babu yake alivyomfundisha. Hakudai kitu. Wakati huo sheria ilikuwa imeshafunga mlango, nishani za vita ile mwisho wake uliwekwa 1952, ukichelewa umechelewa, hata uje na ushahidi wa namna gani.

Mpaka 1993, jeshi likachukua hatua ambayo niseme ukweli lilistahili pongezi, likakipa kazi Chuo Kikuu cha Shaw kule North Carolina, chuo cha weusi, wachunguze kwanini sifuri. Wakaingia makavazi. Na kazi ilikuwa ngumu kweli maana Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi St. Louis liliungua, mafaili ya jeshi la nchi kavu ya watu waliotoka kuanzia 1912 hadi 1960, asilimia 80 hivi yakawa majivu. Kwa hiyo unamtafuta mtu ambaye hakuandikwa vizuri, kwenye makaratasi ambayo nayo yameungua. Walichosema mwishoni ni kwamba hawakukuta amri ya maandishi ya kubagua, ila mazingira na taratibu za jeshi lile zilihakikisha hakuna mweusi atakayefika. Wakapendekeza majina 10, jeshi likapitisha 7, Bunge likatunga kifungu mwaka 1996 cha kuruka ule ukomo, na tarehe 13 Januari 1997 Rais Clinton akawavisha Ikulu.

Kuvisha ni namna ya kusema tu. Kati ya saba aliyekuwa hai ni mmoja, Baker, umri miaka 77. Za watano zilipokelewa na wajane, watoto, ndugu. John Fox, mwangalizi wa mizinga aliyeomba mizinga ya kwao ipige palepale alipo yeye, kijiji cha Sommocolonia, Desemba 26, 1944, maana Wajerumani walishamzingira, alipokea mjane wake. Edward Carter, aliyepigwa risasi tano kule Ujerumani na bado akarudi na mateka wawili akiwatumia kama ngao, huyu jeshi lilimkatalia kuendelea na kazi mwaka 1949 kwa kushuku ni mkomunisti kwa kuwa aliwahi kupigana Uhispania, akafa 1963 hajui kosa lake, jeshi likaiomba radhi familia 1999. Tafakari, mtu wanampa nishani ya juu kabisa 1997, na radhi ya kumfukuza inafuata miaka miwili baadaye. George Watson yeye alizama kule New Guinea 1943 akiwavuta wenzake wasiojua kuogelea mpaka kwenye boya, tena na tena mpaka meli ilipomvuta chini. Hakupatikana ndugu wa kumpokelea. Nishani yake ikapelekwa makumbusho ya jeshi.

Kuna kitu kwenye ile orodha ya saba nataka ukiangalie vizuri maana ndo kiini cha kisa chote kwangu mimi. Sita kati ya saba tayari walikuwa na msalaba wa DSC. Wa saba, Ruben Rivers wa batalioni ya vifaru ya 761, aliyekatalia kwenye kifaru chake Ufaransa mguu umepasuka mpaka mfupa unaonekana, akakataa hata sindano ya maumivu, yeye alikuwa na nyota ya fedha, nishani iliyo chini ya ule msalaba, na aliingia kwa sababu alikuwa na kapteni mzungu anaitwa David Williams ambaye miaka yote hiyo hakunyamaza, alisema nilimpendekeza siku zilezile na pendekezo halikufika popote, akaendelea kusema hadi uzeeni. Umeona? Maana yake ni nini, maana yake uchunguzi wa 1993 uliweza kuwaokoa wale tu ambao 1945 kuna mtu aliwaandika vizuri kiasi. Nani alinyimwa msalaba tangu mwanzo? Nani kamanda wake hakuandika hata mstari mmoja? Huyo hata profesa mwenye nia njema kiasi gani hana pa kumshika, hayumo kwenye karatasi yoyote. Marekebisho yanasafiri kwenye barabara ileile iliyojengwa na waliobagua. Clinton siku ile alisema historia imekamilishwa. Mimi sikubaliani, na namheshimu.

Kidogo nitoke nje ya mada, samahani. Sisi wa huku tusicheke sana maana mambo haya kwa Waingereza waliotutawala nayo yalikuwepo. KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, askari wetu waliokwenda Abisinia hadi Burma: Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza, uliokwenda batalioni ya sita, batalioni ya Tanganyika, vita ile, alipewa sajenti Nigel Leakey, mzungu wa Kenya, aliyepanda juu ya kifaru cha Waitaliano pale Colito Mei 1941 na kufa akijaribu kufungua kingine. Shujaa kweli, sina neno. Lakini wenye ngozi yetu walikuwa na medali yao ya ushujaa ya DCM ya pembeni, imeandikwa kabisa ni ya KAR, tofauti na ile ya askari wa Kiingereza, mpaka 1942 ndo wakaunganishwa. Yaani hata sifa ilikuwa na dirisha lake la kupangia foleni. Babu zetu wengi walirudi na zile nyota za vita za kila mtu, zikakaa kwenye makopo ya biskuti na stakabadhi za kodi ya kichwa, na watoto wakazichezea zikapotea. Haya narudi.

Je, ina maana gani kupewa baada ya miaka yote hiyo? Kuna watu wanasema ni chuma tu na utepe. Sio kweli. Mwenye nishani ile ana malipo yake ya kila mwezi maisha yote, watoto wake wanaingia vyuo vya kijeshi bila kuhesabiwa kwenye nafasi za ushindani wakifaulu masharti mengine, na kwa desturi hata jenerali ndiye anaanza kumpigia saluti. Hesabu sasa tangu 1945. Hayo yote kwa miaka hamsini hayakuwepo, na mtu kama Carter alikuwa anahangaika kutafuta kazi akiwa na familia. Nishani ukiirudishia nyuma tarehe, ile miaka hairudi nayo.

Baker mwenyewe ukimsikiliza alikuwa mtulivu kuliko mimi ninayeandika. Alikiri kwamba walikuwa na hasira, wote, lakini kulikuwa na kazi ya kufanya wakaifanya. Walipomuuliza aliwezaje kuvumilia jeshi la namna ile alijibu kwa kanuni fupifupi, toa heshima kabla ya kuidai, mtendee mtu utakavyo utendewe, kumbuka kazi uliyotumwa, kuwa mfano, endelea kwenda. Clinton aliyasoma maneno hayo mbele ya watu. Wakati maelezo yake yanasomwa alisimama wima, na chozi likamshuka.  Alipoongea baadaye aliwashukuru waliokuwa pamoja naye kule na ambao hawakuwepo ukumbini.

Alifariki Julai 2010 nyumbani Idaho akiwa na miaka 90, akazikwa Arlington.

Yale maelezo yaliyosomwa Ikulu yapo, ni mafupi, mtu anaweza kuyasoma kwa dakika moja. Yanataja bombomu, kituo cha kuangalizia, majeruhi waliotolewa chini ya ulinzi wake, na usiku wa pili kwenye mabomu ya kutegwa. Kapteni aliyekwenda kuleta msaada hayumo. Majina ya wale 19 hayamo. Kofia nayo haimo.